Miguu ya Kumfuata Ndaki

Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa na daftari la mahudhurio lenye jalada la bluu, na siku moja mbuzi wa baba yangu aliingia darasani akalila. Hakulila lote. Alianzia katikati kwenda mwisho, basi sisi wenye majina ya M na N na S tukawa hatuko shuleni tena. Mwalimu alikuwa mtu wa mbali, hakutujua kwa sura, alitujua kwa daftari. Akaniuliza mbuzi huyu ni wa nani. Nikasema simjui. Mbuzi akanifuata mpaka kwenye dawati, akaanza kunilamba magoti, kwa sababu nilizoea kumpa chumvi. Nilichapwa mpaka baba akaja mwenyewe. Alinishika mkono akanipeleka machungani, na shule yangu ikaishia hapo. Mbuzi hakuguswa.

Nimeanzia mbali, najua. Lakini watu huniuliza, Mzee Maduhu, ungekuwa umesoma yale yangekupata? Nawajibu kwamba nilisoma. Madarasa yale mawili yalinitosha kuzijua herufi. Jina la dawa kwenye kopo nalisoma, polepole, kwa kidole. Chupa niliyopewa mimi haikuwa na kitu cha kusoma.

Siku zile huku kwetu ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, hili jina la Simiyu lilikuwa la mto tu. Pamba yetu ya Nkoma ilinunuliwa na ushirika, na dawa ya kuua wadudu ilitoka kwa ushirika, kwenye makopo yenye picha ya fuvu la kichwa. Likaja soko huria. Ghala la ushirika likafungwa, popo wakahamia. Malori ya watu binafsi yakaja, kila moja na mizani yake, na dawa ikaanza kuuzwa mnadani, chini, kando ya mitumba na magadi, kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi. Sisemi ushirika ulikuwa malaika. Nasema kopo lilikuwa na fuvu.

Mmoja wa waliouza chupa hizo alikuwa Ndaki, mlamu wangu, mume wa mdogo wangu Holo. Tulipendana mimi na yeye, sitaficha. Nilipouguliwa na ndama alikesha naye kuliko mimi. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye kofia ya pama aliyoivaa hata akilima. Wakati wa kupulizia ulipofika alinijia shambani asubuhi, chupa iko kwapani.

"Mwangaluka, mlamu. Hii usimpe mtu. Hii ni yako peke yako."

"Mbona haina karatasi?"

"Karatasi ndiyo inaua wadudu? Pulizia, halafu uje unishukuru."

Sasa, bomba langu la mgongoni lilikuwa linavuja. Lilivuja miaka yote, na miaka yote niliona maji tu yananipoza mgongo kwenye jua. Nilipulizia bomba la kwanza, la pili. Kwenye la tatu mate yakaanza kunitoka, nikadhani nina njaa. Machozi yakaja, kamasi zikaja. Halafu nyama za mapajani zikaanza kucheza zenyewe chini ya ngozi, kama ng'ombe anavyotikisa ngozi kufukuza nzi. Nikaanguka katikati ya mistari ya pamba, nikajichafua kama mtoto. Mke wangu, Minza, ndiye aliyenikuta. Alinivua kila kitu, akanimwagia mtungi mzima wa maji ya kunywa, na kwa akili zake akaifunga ile chupa kwenye kanga. Nikapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, na kutoka barabarani gari la wachuuzi wa mpunga likanifikisha hospitali, Bariadi.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Alinusa ile chupa akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, hii ni nini?"

"Dawa ya pamba," akasema Minza.

"Dawa za pamba ziko nyingi. Hii ni ipi? Nikijua ni ya namna moja tu nitafanya hivi, kama imechanganywa nitafanya vingine. Nani aliyeiuza?"

Ndaki akaitwa. Alikuja kwa baiskeli, amejaa vumbi mpaka kope. Mimi nilikuwa nimelala pale kitandani, nasikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Alisimama mlangoni, kofia iko mkononi, akasema, "Ni ile ile ya ushirika, daktari. Haina kitu kingine." Daktari akamuuliza mara ya pili. Akasema, "Haki ya Mungu."

Hayo maneno nimeyabeba muda mrefu kuliko nilivyobeba mtoto wangu yeyote.

Kuanzia hapo siku zangu nilizihesabu kwa sindano. Za kwanza zilinikausha mdomo mpaka ulimi ukagongana na meno kama kijiti, nikaona siafu ukutani wakubwa kama kware, nikawaswaga. Nikatulia. Nikaambiwa nimepona, nikarudi nyumbani kwa mguu wangu kutoka barabarani. Wiki ya tatu vidole vya miguu vikafa ganzi, ganzi ikapanda, miguu ikalegea. Mikono ikashikwa na kutetemeka ambako mpaka leo kupo. Nikarudishwa Bariadi, nikakaa kwa shangazi pale Somanda ili niwe karibu na hospitali. Daktari yule alinipima miguu kwa nyundo ndogo, akasema haielekei kuwa dawa ya namna moja, na kama angelijua siku ile, labda. Alisema "labda" mara mbili. Sikumchukia yeye. Alikuwa amekwisha kuuliza.

Pamba ya wenzangu ilipasuka, ikachumwa, malori yakapita yamejaa yakielekea kiwandani, mimi niko kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Ubao wa katikati ulikuwa na msumari, na wazoefu wote tuliujua, tukawa tunamwachia nafasi hiyo mgeni. Ndiyo furaha tuliyokuwa nayo. Mama mmoja wa Mwamanyili aliyeuguza mume alikuwa akinishikia kikombe cha uji, kwa sababu mimi nikikishika uji wote unaishia kifuani. Hakuniuliza jina. Alishika tu, huku akiangalia kwingine ili nisione aibu. Mungu amlipe.

Anayeumwa kama nilivyoumwa mimi nataka aambiwe jambo hili mapema, maana mimi sikuambiwa. Miguu si yote. Kuna kitu kinaingia kichwani. Nilikuwa sitaki kuoga. Nilimwona ndama amefungwa nje ya nyumba ya shangazi nikalia, ndama mzima asiye na shida. Na jambo la ndani ya nyumba nalo lililala. Minza alipokuja kunitazama alilala ameniegemea bila kusema kitu, na mimi ule ukimya wake nikausikia kama matusi. Asubuhi nikamtukana bila sababu. Akafunga mzigo wake akarudi Nkoma kuvuna mwenyewe. Mimi nikabaki na Ndaki. Ndaki ndiye aliyekaa kichwani mwangu kutwa nzima, na kofia yake.

Daktari akanipeleka kwenye ushauri nasaha. Chumba chake kilikuwa mbele ya dirisha la dawa, penye foleni, na miaka ile aliyeingia chumba kile watu walijua ana ugonjwa ule wa kisasa. Nilipotoka mara ya kwanza foleni nzima ilinyamaza. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika Nkoma, kwamba Maduhu hakudhurika kwa dawa, Maduhu ana umeme. Waliosema hivyo nawajua. Wengine tumewazika, na sikulia.

Nesi wa chumba kile aliitwa Kabula. Mama mnene, mwenye viatu vya kiume. Nilimwambia sirudi humo ndani. Akachukua mwavuli.

"Basi twende nje."

"Nje wapi, mayu? Siwezi kutembea."

"Nimekuona umetoka chooni. Hukubebwa."

Nyuma ya nyumba za mwisho za Somanda kaka yake alikuwa na ngitili. Kwa asiyekuwa wa huku, ngitili ni eneo la malisho ambalo mwenyewe hulifunga mvua zikianza. Hakuna mfugo kukanyaga humo, hakuna kukata mti, nyasi zinaachwa ziwe ndefu, mpaka kiangazi kikikaza ndipo linafunguliwa. Anayeingiza ng'ombe kwa mwenzake wazee wanamtoza faini. Kwa hiyo kwa miezi mingi humo hamna mtu. Hamna wa kusema umeme.

Nilikwenda kwa fimbo mbili, hatua kumi, nakaa. Nesi Kabula alikuwa na sharti moja, kwamba mimi nitangulie na yeye afuate nyuma, ili nikisema nisimwone uso. Siku ya kwanza sikusema. Nilisikiliza nyasi zikigusana. Kunguru-mwitu mmoja alikuwa akipigana na kivuli chake. Siku ya pili nikasema nataka kumwua Ndaki.

Nilidhani ataniombea. Alisema, "Kwa nini?"

Nikamwambia. Nataka aseme kwa mdomo wake alichoweka ndani ya chupa ile. Halafu afe.

"Kitangulie kipi?"

"Aseme kwanza."

"Kwao ni mbali?"

"Kutoka kwangu ni kuvuka korongo, kupanda kilima, kushuka."

"Leo umetembea kutoka pale kwenye mgunga mpaka hapa. Huyo mtu yuko salama kabisa, Maduhu."

Nilikasirika mpaka nikatembea hadi mgunga wa pili.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Namwua Ndaki, yeye anauliza maswali. "Wiki iliyopita ulimzamisha kwenye lambo. Leo unatumia nini?" Nikisema namchoma moto, anauliza, "Kuni atakubebea nani?" Nikisema nampiga rungu, ananiambia nyosha mkono tuone, na mkono unatetemeka, tunacheka wote wawili mpaka kware wanaruka. Nilicheka mara ya kwanza tangu niugue nikiwa katika kumwua mtu. Watu wa dini waniwie radhi. Wengi watawaambieni sameheni ndipo mpone. Inawezekana kwao ndivyo. Mimi nilipona kwa chuki na nyasi, siwezi kusema uongo. Kila nilipotaka kulala chini niliona ile kofia mlangoni, nikanyanyua mguu.

Na zile nyasi zilifanya kazi yao bila kunisemesha. Nilijua nimeanza kupona siku niliyoona tandu akivuka njia nikasimama kumpisha, nikamtazama mpaka alipoingia chini ya gogo, halafu nikatambua kwamba muda wote ule sikumfikiria Ndaki. Nilishtuka kama mtu aliyesahau mzigo. Nikarudi haraka kumfikiria.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaacha fimbo moja. Nesi Kabula akaniuliza kama kwetu Nkoma hakuna ngitili. Nikamwambia ninayo, niliachiwa na baba. "Sasa unanitembeza kwa kaka yangu kufanya nini? Nenda nyumbani. Alhamisi ni Alhamisi hata huko." Nikarudi. Minza alinipokea mlangoni, akanitazama miguu kwanza, kisha uso. Nikamwomba radhi kwa yale matusi. Akasema, "Maji ya kuoga yako pale," na kwetu hilo ni jibu zuri. Lile jambo lililolala liliamka lenyewe kabla ya mavuno. Nalitaja kwa ajili ya wanaoogopa kuuliza.

Kila Alhamisi nilizunguka ngitili yangu. Mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Siku nilipoweza mitano nikajua miguu ya kumfikia Ndaki ninayo. Nikavuka korongo, nikapanda, nikashuka. Nilimkuta Holo peke yake anapepeta mtama. Mume yuko mnadani. Akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaona ninavyokishika kwa mikono miwili na bado kinagonga meno.

"Kaka, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja aseme alichoweka."

"Akisema utafanya nini?"

"Atakwenda kusema tena mbele ya sungusungu."

Holo akaweka ungo chini. Alijua maana yake. Mtu akikutwa na kosa la namna hiyo wazee wa sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, wanamtenga. Hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto, kisimani anapisha wote, akifa mkewe ndiye anayechimba kaburi.

"Mkimtenga yeye mnanitenga na mimi," akasema. "Mimi nilikupulizia nini?"

Nilimaliza maziwa nikaondoka. Ndaki aliposikia nimefika alianza kupita njia ya mbali. Nikimwona msibani, yuko upande wa pili. Mwaka mzima.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Mahindi yalinyauka yakiwa urefu wa goti, pamba haikufunga. Lambo likawa matope, matope yakawa vigae. Ngitili za watu zikaliwa mapema zikaisha. Yangu haikuisha, kwa sababu ng'ombe wangu wengi nilikuwa nimekwisha kuwauza nikiwa mgonjwa, na humo ndani nilikuwa natembea tu. Nyasi zilisimama mpaka kiunoni, njano. Watu walikuja kuomba, nikawapa, huyu kona hii, yule kona ile. Nilikuwa nangoja. Nilijua ng'ombe wa Ndaki hali yao. Nilikuwa nahesabu tai juu ya kilima chake, nasema bado, bado.

Akaja asubuhi, na ng'ombe wake wote, kumi na saba, mbavu zimehesabika. Aliwasimamisha nje ya uzio wa miiba. Walikuwa wanasikia harufu ya nyasi, wanalia ile sauti ya chini. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba chini ya kofia.

"Mwangaluka, mlamu."

"Mwangaluka. Ingia wewe. Wao wangoje."

Nikamfungulia mtu peke yake. Nikamwambia tangulia, tembea, mimi nafuata nyuma. Akashangaa lakini akatembea. Mzunguko wa kwanza nilimwacha atembee tu. Nilimsikia anavyohema. Mzunguko wa pili nikamwambia, "Sema ulichoweka."

"Mlamu, ng'ombe wanaanguka."

"Nilianguka mimi. Sema."

Tulizunguka tena. Nilikuwa sichoki. Nilitaka ajue kwamba sichoki. Kila tulipopita langoni, wale ng'ombe walitugeuzia vichwa. Mara ya nne akaanza kusema, bila kugeuka.

"Ile dawa ya lori ilikuwa dhaifu. Ilikuwa imekwisha kutiwa maji huko ilikotoka. Niliijaribu kwangu, wadudu wakawa wanatembea juu yake. Watu wote niliwauzia hivyo hivyo, maji. Hakuna aliyeugua. Yako nikaiongezea nguvu."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa mlamu wangu. Sikutaka upulizie maji. Nikachukua dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, nzito, bado haijachanganywa na maji, nikajaza nusu chupa. Nilisema, huyu nimpe inayoua kweli."

Tulisimama. Nilikuwa nimeingoja sauti ile kwa misimu miwili ya pamba, na nilikuwa nimepanga nitakachofanya ikija. Sikuona huruma, nasema ukweli. Niliona nimeibiwa mara ya pili. Nilimtaka adui, na yeye ananiambia alinipenda kuliko wote.

"Ulimwambia daktari haki ya Mungu."

"Niliogopa. Niliona ukifa, Holo atajua ni mimi. Nikasema labda hutakufa."

"Labda," nikasema.

Nikaenda langoni nikaondoa miiba. Ng'ombe wakaingia kwa kusukumana, wakazamisha vichwa, ikasikika ile sauti ya nyasi kukatwa kwa ndimi nyingi. Ndaki akafuta uso kwa kofia. Akanishukuru, "Wabeja, mlamu. Wabeja sana." Akapiga goti moja, kama mtoto kwa mkubwa.

Hapo ningeweza kuishia. Nesi Kabula baadaye aliniambia hivyo hivyo, kwamba hapo ulikuwa umefika, Maduhu, ungekaa chini. Lakini miguu yangu ilikuwa imejengwa kwa kitu kingine.

"Waache wale nyasi," nikamwambia. "Wale mpaka mvua, sidai kitu. Lakini Jumamosi wazee wanakaa. Utasimama mbele yao uyaseme hayo yote kama ulivyoniambia. Usipokwenda, nitakwenda mimi."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu ya safari. Akauliza, "Holo umemwambia?"

"Holo anajua."

Akaitikia kwa kichwa. Aliwapitia ng'ombe wake, akamgusa mmoja mgongoni, jike mwekundu mwenye pembe moja, akamtoa kupe kwenye sikio, akamponda kwa kucha. Kisha akatoka langoni, akarudisha ile miiba mahali pake vizuri ili wasitoke. Fimbo ya kuchungia akaiegemeza kwenye uzio. Nilidhani anakwenda kisimani kunywa maji, maana alishika njia ile. Pale inapogawanyika hakukunja kwenda kisimani, wala hakukunja kwenda kwake. Alinyoosha, akashuka mbugani, mikono mitupu, hatembei haraka. Kofia yake niliiona muda mrefu kwa sababu huko hakuna miti. Ng'ombe hawakuinua vichwa. Hakurudi.